Kuchimba Dawa: Historia Fupi ya Haja za Msafiri

Panda basi Mwanza uelekee Musoma. Kabla hamjafika Bunda, kuna abiria atamwambia konda, "Simamisha tuchimbe dawa." Hakuna mganga humo ndani, watu wamebanwa tu. Wanaume wanashika upande mmoja wa barabara, wanawake upande wa pili, na kila mtu anajifanya hamwoni mwenzake. Pasipo na ukuta, lugha ndiyo imekuwa stara.

Historia ya vyoo Tanzania tunaijua, ila ni historia ya nyumbani. Mwaka 1973 serikali ya Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2, na vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Sisi wapenda vitabu tusilipite hili haraka: mahali fulani watu walisoma, na walichokisoma kikawa shimo la choo.

Lakini kampeni ile ilimlenga mwenye kaya. Mpita njia aliachiwa ukarimu wa wenyeji, na kwa mgeni mmoja aliyekuja kwa miguu ukarimu ulitosha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi likavuruga hesabu hiyo: abiria sitini hawawezi kupiga hodi kwenye nyumba moja.

Ndipo akaja yule anayekaa mlangoni mwa choo cha stendi, na meza yake, chenji na karatasi zilizokatwa vipande. Tunamnung'unikia, ila kazi yake si ubunifu wa kibongo. Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, fundi George Jennings aliweka vyoo vya umma, na watu zaidi ya 800,000 wakalipa peni moja moja kuvitumia. Tatizo la malipo ni lilelile hadi leo: mama mwenye watoto watatu analipa mara nne. Wanawake wengi ninaowajua wana dawa yao: siku ya safari hawanywi maji.

Na nguo je? Neno dobi tulilipata kwa Wahindi, lakini msafiri mwenye pesa ndogo hamtafuti dobi. Anaomba beseni gesti, au anateremka ziwani. Ukipita kando ya ziwa Musoma asubuhi utaona mashuka na kanga zimeanikwa juu ya mawe. Ziwa Victoria ndilo dobi la umma, halina mlango wala meza ya kulipia.

Hapo ndipo choo na kufua vinakuwa hadithi moja. Mayai ya kichocho huingia majini kwa mkojo au kinyesi cha mgonjwa, vijidudu hukua ndani ya konokono, kisha hupenya ngozi ya aliyesimama majini. Aliyekosa choo leo anamwachia ugonjwa atakayekuja kufua baadaye.

Liverpool walijifunza jambo kama hilo kwa kipindupindu. Mlipuko wa 1832 ulipoingia, mwanamke maskini aitwaye Kitty Wilkinson aliwafungulia majirani jikoni kwake wachemshe nguo na matandiko ya wagonjwa. Mwaka 1842 jiji likafungua nyumba ya umma ya kufulia. Mwalimu alipokuwa akisoma Edinburgh, 1949 hadi 1952, wanawake wa Uskochi bado walikuwa wakibeba nguo zao kwenda kwenye nyumba kama hizo, walizoziita "steamie". Mwaka 1987 Tony Roper akaziandikia tamthilia ya jina hilo: wanawake wa Glasgow wanafua mkesha wa Mwaka Mpya, na maisha yao yote yanamwagika humo pamoja na maji ya sabuni.

Tamthilia ya namna hiyo kuhusu wafuaji wa Musoma bado naingoja. Ila kabla ya tamthilia kuna vyoo vya kujenga: vya njiani, vyenye maji, ambavyo asiye na chenji hafukuzwi. Kampeni ile iliitwa Mtu ni Afya, jamani. Haikuitwa Mwenye Nyumba ni Afya.