Ukwasi: kuwa navyo au kuwa nazo?

Zamani mkwasi alikuwa tajiri tu: mwenye mashamba, majumba na vyombo baharini. Siku hizi Benki Kuu ya Tanzania ikitaja ukwasi, haizungumzii utajiri wa jumla. Inazungumzia fedha zilizopo, au zinazopatikana upesi, za kulipia madai yanapoiva. Neno ni lilelile, maana imebanwa.

Tofauti hiyo huonekana vizuri kwenye soka. Manchester United ina uwanja, wachezaji na jina linalovaliwa kifuani hadi Kariakoo. Ni tajiri. Lakini familia ya Glazer ilipoinunua mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ilikuwa mkopo, na mzigo wake ukatwikwa klabu yenyewe.

Tangu 2012 hisa zake huuzwa katika soko la New York, hivyo hesabu zake ziko wazi. Msomaji atafute mistari mitatu: fedha taslimu, mikopo, na ada za usajili wa wachezaji zinazolipwa kwa mafungu. Toa taslimu kwenye mikopo, upate deni halisi. Ada hizo mara nyingi hazimo humo, ingawa nazo zinadaiwa. Kisha uliza: lipi linaiva mwaka huu? Uwanja hauuzwi kwa wiki moja ili kulipa mishahara.

Basi mkwasi ni nani? Wazee wangejibu, aliye navyo. Mhasibu wa klabu atajibu, aliye nazo.