Kinshasa: Muziki kati ya sifa na marufuku

Muziki wa Kinshasa, mji mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haujawahi kutengana na siasa. Mwezi Januari 1960, bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilikwenda Brussels wakati wa mazungumzo ya uhuru. Huko ulizaliwa wimbo "Indépendance Cha Cha", uliowataja viongozi kwa majina.

Chini ya utawala wa Mobutu Sese Seko, dola ilikuwa mfadhili wa wanamuziki na pia mwenye kuwaadhibu. Hakuna aliyeyaonja yote mawili kama Franco Luambo Makiadi, kiongozi wa bendi ya OK Jazz. Mwaka 1978 alifungwa jela kwa nyimbo zilizodaiwa kukiuka maadili. Mwaka 1984 alitoa wimbo wa kumnadi Mobutu, aliyekuwa mgombea pekee wa urais.

Wengine walihama. Katika miaka ya 1970 Samba Mapangala alifika Nairobi na bendi ya Les Kinois, yaani watu wa Kinshasa, na baadaye nyimbo zake za Kiswahili zikapendwa kote Afrika Mashariki.

Kwa waliobaki, mauzo ya muziki pekee hayakutosha kuwapa riziki. Ndipo ulipostawi mtindo uitwao mabanga: mwenye fedha au cheo hulipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Mtindo huo umewagharimu baadhi ya wasanii ugenini. Wapinzani wa serikali waishio Ulaya, wajiitao "combattants", kwa miaka mingi walizuia maonyesho ya wanamuziki waliowaona kuwa karibu na watawala. Februari 2020, tamasha la Fally Ipupa jijini Paris liliambatana na ghasia na magari kuchomwa moto.

Mwezi Novemba 2021, tume ya udhibiti ilipiga marufuku wimbo "Nini to sali te" wa kundi la vijana la MPR, uliolalamikia hali ngumu ya maisha. Muda mfupi baadaye marufuku hiyo iliondolewa. Desemba mwaka huohuo, UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu.

Matukio hayo mawili ya mwaka mmoja yanaonyesha hali ya msanii wa Kinshasa: muziki wake huenziwa, ilhali maneno yake hupimwa.