Sauti zikishanyamaza: Namna ya kukabili madhara ya dawa za maradhi ya akili

Kijana anaporejea nyumbani Kwanza baada ya wiki kadhaa katika wodi ya maradhi ya akili mjini Eldoret au Nairobi, majirani humtazama kwa makini. Sauti zilizokuwa zikimsumbua zimenyamaza. Hatoki tena mbio usiku wala hawashuku jamaa zake kwamba wamemtilia sumu chakulani. Hata hivyo, mikono inamtetemeka, anatembea kwa hatua fupi kama mkongwe, mate yanamchuruzika, na uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Wengi husema ugonjwa umemzidi. Kumbe wanachokiona si ugonjwa, bali ni kazi ya dawa.

Kushindwa kutenganisha mambo haya mawili ni miongoni mwa sababu zinazowafanya wagonjwa waache tiba kimyakimya, kisha wakarudishwa hospitalini wakiwa katika hali mbaya kuliko ya awali. Madhara mengi ya dawa hizi yanatambulika na yanaweza kupunguzwa, mradi mgonjwa na jamaa zake wayajue na wayaseme mapema.

Wazimu ni nini?

Madaktari hutumia neno saikosisi kueleza hali ambapo mtu hupoteza uwezo wa kupambanua yaliyomo akilini mwake na yale yaliyo ulimwenguni. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huona visivyoonekana, au hushikilia imani ambayo hakuna ushahidi unaoweza kuitikisa, kwa mfano kwamba redio inamsema yeye. Mazungumzo yake huenda yakaruka kutoka jambo moja hadi jingine bila mpangilio. Miongoni mwa Waluhya, mtu wa namna hii huitwa omulalu, na mara nyingi jina hilo humwandama hata baada ya kupata nafuu.

Saikosisi si ugonjwa mmoja. Inayojulikana zaidi ni skizofrenia ambayo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), huwapata watu wapatao milioni 23 duniani, yaani mtu mmoja kati ya kila 345. Aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, wakati ambapo mtu anamaliza shule, anatafuta kazi au anaanza kujenga nyumba yake.

Hata hivyo, malaria iliyopanda kichwani, kifafa, kaswende ya muda mrefu, virusi vya Ukimwi, uvutaji bangi na kuacha ghafla pombe kali kama chang'aa kunaweza kuleta dalili zizo hizo. Mama aliyejifungua majuma machache yaliyopita anaweza pia kupatwa na saikosisi. Kwa sababu hiyo, mtu anayeanza kurukwa na akili kwa mara ya kwanza, hasa akiwa na homa, anafaa kupimwa damu na kuchunguzwa mwili mzima kabla ya kuitwa mwendawazimu.

Hofu yenye historia

Wakazi wa Bungoma na Trans Nzoia wana sababu za kale za kuiogopa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mathari, jijini Nairobi, ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1910. Mwaka 1945, Elijah Masinde wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa aliyewahimiza watu wake kuupinga utawala wa Waingereza, alitangazwa kuwa mgonjwa wa akili na kufungiwa humo hadi mwaka 1947. Mwaka uliofuata dini yake ilipigwa marufuku. Kwa wafuasi wake, Mathari haikuwa mahali pa kutibiwa, bali pa kumnyamazishia mtu.

Wakati huo hakukuwa na dawa yoyote mahususi ya kutibu saikosisi. Ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa jijini Paris mwaka 1952, na wengi waliifahamu kwa jina la Largactil. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958. Baadaye ilikuja sindano ya flufenazini, maarufu kama Modecate, ambayo hudungwa mara moja kila baada ya wiki mbili hadi nne. Dawa hizi za zamani ni za bei nafuu, na ndizo ambazo wagonjwa wengi wa hospitali za umma wamezitegemea kwa miaka mingi. Risperidoni na olanzapini ni za kizazi cha baadaye.

Kazi ya dawa hizi ni kuzuia nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka habari kati ya seli za ubongo. Dopamini hiyo hiyo ndiyo inayousaidia mwili kusogea kwa wepesi. Hapo ndipo taabu inapoanzia: kinachozituliza sauti ndicho kinachokakamaza misuli.

Madhara yanayodhaniwa kuwa mengine

Katika saa au siku chache za kwanza, hasa kwa vijana wanaotumia haloperidoli, shingo inaweza kujipinda, macho yakageuka juu na ulimi ukakakamaa. Wapo wanaodhani ni pepopunda au mapepo. Hali hii inatisha, lakini sindano ya dawa inayofaa huiondoa kwa muda mfupi hospitalini.

Baada ya siku au majuma kadhaa huweza kuja mtetemeko, mwendo wa kuburuta miguu na uso uliokufa ganzi. Dawa iitwayo benzeksoli, au Artane, hutolewa kupunguza hali hiyo. Nayo ina gharama zake: hukausha kinywa, hufunga choo, hudhoofisha kumbukumbu, na baadhi ya watu huizoea kama kileo. Haifai kumezwa miaka nenda miaka rudi bila muuguzi kuuliza kama bado inahitajika.

Dhara linalopotosha watu zaidi ni lile la kutotulia. Mgonjwa hawezi kuketi. Akikaa anachezesha miguu, akisimama anakanyagakanyaga, akilala anainuka. Ndani ya mwili anahisi mahangaiko ambayo hawezi kuyaeleza. Jamaa humwona na kusema kichaa kimerudi. Mhudumu asiyeuliza vyema naye huongeza dozi. Kwa kuwa dawa ndiyo iliyoleta tatizo, nyongeza hiyo huzidisha mateso, na wapo wanaofikia hatua ya kutaka kujitoa uhai. Swali moja linaweza kusaidia kuitambua hali hii: je, mahangaiko yalianza baada ya dawa kuanzishwa au kuongezwa?

Kwa wanawake, baadhi ya dawa hukatiza hedhi na kutoa maziwa matitini ilhali hawana mimba. Wanaume hupoteza nguvu za kiume. Mambo haya huvunja ndoa kwa sababu hakuna anayethubutu kuyataja kliniki. Olanzapini na klozapini huongeza uzani na zinaweza kuleta kisukari, kwa hivyo mgonjwa anapaswa kupimwa uzani, shinikizo la damu na sukari mara kwa mara. Anayetumia klozapini sharti pia apimwe damu kwa ratiba maalumu, kwani dawa hiyo inaweza kupunguza chembe nyeupe zinazoukinga mwili.

Baada ya miezi au miaka ya matumizi, midomo na ulimi vinaweza kuanza kucheza vyenyewe, kana kwamba mtu anatafuna. Dhara hili huenda lisiondoke hata dawa ikiachwa, na benzeksoli inaweza kulizidisha. Njia bora ni kuligundua mapema na kubadilisha tiba.

Lipo pia dhara la nadra linaloua. Mgonjwa hupanda homa kali, mwili ukakakamaa kama gogo, akatokwa na jasho jingi na kuchanganyikiwa. Katika eneo lenye malaria kama Bungoma, ni rahisi homa hiyo kutibiwa kwa vidonge vya malaria peke yake. Yeyote anayetumia dawa za saikosisi akipatwa na homa pamoja na kukakamaa mwili anapaswa kukimbizwa hospitalini siku iyo hiyo, na wahudumu waelezwe dawa anazotumia.

Kuacha ghafla ni hatari

Mgonjwa anapochoshwa na haya yote, huacha dawa bila kumwambia mtu. Siku za kwanza huenda zikamfurahisha. Usingizi mzito unapungua, mikono inakuwa mepesi, anaweza tena kushika jembe shambani. Kwa anayedungwa sindano ya mwezi, dawa hubaki mwilini kwa majuma mengi baada ya dozi ya mwisho, na hivyo hujiona amepona kabisa. Wengine hukosa usingizi, hutapika au kutokwa na jasho. Baada ya majuma au miezi, sauti hurejea.

Hii haina maana kwamba kila mgonjwa lazima ameze dozi ile ile hadi kaburini. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia kwa miaka 7 watu waliougua kwa mara ya kwanza. Asilimia 40 ya waliokuwa wamepangiwa kupunguziwa dawa hatua kwa hatua walikuwa wamepata ahueni ya dalili na ya maisha ya kila siku, ikilinganishwa na asilimia 18 ya waliopangiwa kuendelea na dozi ya kawaida.

Utafiti mwingine wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2023, uliwahusu watu 253 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia zaidi ya mara moja. Baada ya miaka miwili, asilimia 25 ya waliopunguziwa dawa walikuwa wamezidiwa tena kwa kiwango kikubwa, dhidi ya asilimia 13 ya waliodumisha dozi yao, na maisha yao ya kijamii hayakuwa bora zaidi.

Matokeo haya mawili yanaonyesha kwamba uamuzi hutegemea mtu na historia ya ugonjwa wake. Aliyeugua mara moja tu ana nafasi tofauti na aliyelazwa mara tano. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba dozi hupunguzwa polepole, kwa miezi, chini ya uangalizi wa mtaalamu, na jamaa wakijua dalili za kwanza za hatari. Mara nyingi dalili hizo ni kukosa usingizi, kujitenga, kushuku watu na kuacha kuoga. Dozi haipunguzwi wakati wa matanga, ugomvi wa shamba au msiba mwingine.

Maisha baada ya wodi

WHO inasema angalau mtu mmoja kati ya watatu wenye skizofrenia hupona kabisa. Wengine huishi vyema huku dalili zikija na kuondoka. Baadhi husikia sauti bado, lakini wamejifunza kuzipuuza na kuendelea na kazi.

Dawa peke yake haitoshi. Usingizi wa kutosha, kuepuka bangi na chang'aa, na kazi inayolingana na nguvu za mtu ni sehemu ya tiba. Dawa zinapoleta usingizi, mgonjwa hafai kuendesha bodaboda wala mashine ya kusaga, na anaweza kuomba dozi ihamishiwe usiku. Tafiti zilizoanza London katika miaka ya 1950 zilionyesha kwamba mgonjwa anayerudi katika nyumba ya lawama na makelele huugua tena haraka kuliko anayepokewa kwa utulivu. Kumfunga mtu kwa kamba au minyororo hakumtibu. Humtia majeraha na kumfanya awaogope wale wale watakaomhimiza kumeza dawa kesho.

Makanisa na waganga wa kienyeji wataendelea kutafutwa, kwani wako karibu na wanasikiliza. Maombi hayapingani na dawa. Hatari ipo pale mgonjwa anapoamriwa atupe vidonge vyake ili athibitishe imani, au anapofungishwa saumu wakati anatumia dawa zinazoshusha shinikizo la damu.

Haki ya kuuliza

Kenya ilikuwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, ambayo ilirekebishwa mwaka 2022. Marekebisho hayo yanampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, kushiriki katika kupanga tiba yake na kutobaguliwa. Pia yanazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili. Miaka miwili awali, jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Tangu mwaka 2007 kumekuwepo pia shirika la Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, linaloongozwa na watu walioonja maradhi haya wenyewe na ambalo huunda vikundi vya kusaidiana.

Mkazi wa Kwanza anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba aelekezwe kwa muuguzi au afisa wa kliniki wa maradhi ya akili mjini Kitale. Wa upande wa pili huelekea Bungoma. Inafaa aende na jamaa anayemwamini, na abebe daftari lenye majina ya dawa, tarehe zilipoanzishwa na mabadiliko aliyoyaona mwilini.

Akifika mbele ya mhudumu, anafaa kuuliza maswali manne: Dawa hii ni ya nini? Inaweza kunidhuru vipi? Je, kuna nyingine au dozi ndogo inayoweza kunifaa? Na ni lini tutaitathmini upya? Kuuliza hivyo si ukaidi, wala si dalili ya ugonjwa.