Wakala na Tajiri Wake: Kufungwa kwa Maduka ya Motokaa Marekani, 2009

Tarehe 14 Mei 2009 kampuni ya Chrysler iliwaarifu mawakala wake 789 kuwa mikataba yao itavunjwa, na ya kwamba baada ya tarehe 9 Juni hawatakuwa na ruhusa ya kuuza motokaa mpya za kampuni hiyo. Siku iliyofuata kampuni ya General Motors iliwaandikia mawakala wapatao 1,100, ikiwaambia kuwa mikataba yao haitafanywa upya itakapokwisha mwezi wa Oktoba 2010. Miongoni mwa waliopokea barua hizo walikuwamo watu ambao maduka yao yalianzwa na babu zao. Insha hii yataka kueleza jinsi barua hizo zilivyopata nguvu ya kubomoa kwa majuma machache ulinzi uliojengwa na sheria kwa muda wa zaidi ya miaka 70, na kuuliza kama ubomozi huo ulikuwa wa lazima.

Yafaa kwanza tumjue wakala ni nani. Mtu apitaye njiani na kuona jina la kampuni juu ya mlango huweza kudhani kuwa duka ni la kampuni, na mwenye kuliendesha ni mtumishi wake. Sivyo. Katika Marekani wakala wa motokaa ni mfanyabiashara anayejitegemea. Kiwanja amekinunua au amekipanga kwa fedha zake. Mafundi na makarani hulipwa naye. Na motokaa zilizopangwa mbele ya duka amekwisha kuzinunua kwa kampuni, aghalabu kwa fedha za mkopo ambao riba yake huongezeka kila siku motokaa inapokaa bila ya mnunuzi. Kwa hesabu za kampuni, basi, motokaa huwa imekwisha kuuzwa inapotoka kiwandani. Hatari ya kukosa mnunuzi ni ya wakala.

Mpango huu ulizaliwa na haja. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye viwanda walikuwa na ufundi, lakini hawakuwa na mali ya kutosha kufungua maduka katika kila mji. Wafanyabiashara wa miji walikuwa na mali kidogo na sifa njema kwa jirani zao. Kila mmoja akaleta alichokuwa nacho, na ushirika ukafanyika. Lakini haukuwa ushirika wa watu sawa. Kampuni moja ilikuwa na mawakala maelfu, na kila wakala alikuwa na kampuni moja.

Tofauti hiyo ilionekana wazi katika mshuko wa biashara wa miaka ya 1920 na 1921. Henry Ford alikuwa na madeni makubwa ya kulipa, na hakupenda kuyakabidhi mambo yake mikononi mwa mabenki. Aliendelea kupeleka motokaa kwa mawakala wake, watake wasitake, nao wakatakiwa kuzilipia kwa fedha taslimu. Aliyekataa alijua kuwa uwakala wake u hatarini. Wakala akaenda kukopa katika benki ya mji wake ili amlipe Ford. Na hivyo deni la mtu mmoja mkubwa likagawanyika, likawa madeni ya watu wadogo wengi. Ford alipona. Historia ya mawakala wa motokaa, kwa sehemu kubwa, ni historia ya juhudi za kuzuia jambo hilo lisirudiwe.

Juhudi hizo zilifanywa katika mabaraza ya kutunga sheria. Mwaka 1937 jimbo la Wisconsin lilitunga sheria ya kuwazuia wenye viwanda wasivunje uwakala pasipo sababu ya haki. Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, iliyotiwa sahihi na Rais Eisenhower, ya kumpa wakala haki ya kuishtaki kampuni isiyomtendea kwa nia njema katika kutimiza mkataba au kuuvunja. Hatimaye majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hiyo. Uwakala ukawa kama urithi: baba aliweza kumwachia mwanawe, na mabenki yaliweza kuukubali kuwa ni mali. General Motors yenyewe ilionja ukali wa sheria hizi. Ilipotangaza mwezi wa Desemba 2000 kuwa itaiacha chapa ya Oldsmobile, ililazimika kuwafidia mawakala wa chapa hiyo, na gharama yake ilifika kiasi cha dola bilioni 1.

Si haki kuficha kuwa ulinzi huu ulikuwa na upande wake wa pili. Maduka mengi yalifunguliwa zamani, wakati motokaa za Marekani zilipokuwa karibu peke yake sokoni. Wageni kutoka Japani walipokuja, soko liligawanywa, lakini idadi ya maduka haikupungua kwa kiasi hicho hicho. Mwaka 2008 General Motors iliuza Marekani motokaa zipatazo milioni 3 kwa mawakala zaidi ya 6,000. Toyota iliuza zipatazo milioni 2.2, na mawakala wake hawakufika 1,500. Wakala wa Toyota aliuza nyingi, akapata faida ya kutosha kujenga duka zuri na kuwalipa mafundi stadi. Wakala wa General Motors aghalabu alishindana na jirani yake mwenye bidhaa ile ile. Waliosema kuwa maduka yalikuwa mengi kupita kiasi hawakusema uongo.

Ndipo ulipokuja mshuko mkubwa. Mwaka 2007 motokaa mpya milioni 16 hivi zilinunuliwa katika Marekani. Mwaka 2008 zilinunuliwa milioni 13 hivi. Mwaka 2009 zilikuwa milioni 10 na kidogo tu. Mabenki yaliyoogopa kumkopesha mnunuzi yaliogopa pia kumkopesha wakala. Mwezi wa Desemba 2008 Rais Bush aliahidi Chrysler na General Motors mikopo ya dola bilioni 17.4 kutoka Hazina, kwa sharti kwamba zilete mipango ya kujirekebisha. Mwezi wa Februari 2009 General Motors ilileta mpango wake, na ndani yake ilikusudia kupunguza mawakala kidogo kidogo hata mwaka 2014. Kamati ya motokaa ya Rais Obama, iliyoongozwa na Steven Rattner, iliupima mpango huo. Tarehe 30 Machi ilijibu kuwa hautoshi, na katika kasoro zake ilitaja kuwa maduka yanafungwa polepole mno.

Njia ya kuyafunga kwa haraka ilikuwamo katika sheria ya ufilisi. Sheria hiyo humruhusu mwenye madeni, kwa idhini ya jaji, kuikana mikataba inayomlemea. Chrysler iliingia mahakamani tarehe 30 Aprili, na General Motors tarehe 1 Juni. Katika shauri la Chrysler, Jaji Arthur Gonzalez wa New York alikubali kuvunjwa kwa mikataba yote 789 tarehe 9 Juni, akaamua kuwa sheria za majimbo za kuwalinda mawakala haziwezi kuizuia sheria ya serikali kuu. Ukuta uliojengwa jimbo kwa jimbo tangu mwaka 1937 haukubomolewa kwa kufutwa sheria hata moja. Ulipitwa kando.

Kutoka siku ya barua hata siku ya mwisho zilikuwa siku 26. Katika muda huo wakala wa Chrysler alitakiwa kuziuza motokaa zilizokuwa mikononi mwake, maana kampuni haikuzinunua tena. Iliahidi tu kusaidia zihamishiwe kwa mawakala waliobaki. Wenzao wa General Motors walipewa muda mrefu zaidi na malipo kidogo, kama wangetia sahihi mkataba wa kufunga duka kwa amani. Asiyetia sahihi alijua ya kuwa mahakama iko tayari.

Tarehe 3 Juni 2009 kamati ya Seneti ilizisikiliza pande mbili. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba mawakala wachache wenye nguvu ni bora kuliko wengi dhaifu, na kwamba Chrysler, Dodge na Jeep zapasa kukaa chini ya paa moja. Kampuni ilionyesha kuwa wale 789 walikuwa robo ya mawakala wote, lakini waliuza asilimia 14 tu ya motokaa, na kiasi cha nusu yao waliuza pungufu ya 100 kwa mwaka. Mawakala walijibu kwa swali jepesi: kama sisi ndio tunaonunua motokaa, vipuri na hata vyombo maalumu vya gereji kwa fedha zetu, kampuni inapata akiba gani kwa kutufukuza? Mteja mdogo ni mdogo, lakini si gharama.

Tena kulikuwa na hasara isiyoandikwa katika vitabu vya kampuni. Katika mji mdogo duka la motokaa hulipa kodi inayoendesha shule, huajiri makumi ya watu, huliendesha gazeti kwa matangazo, na huwanunulia watoto fulana za mpira. Likifungwa, mkulima mwenye gari bovu husafiri mbali kutafuta fundi wa chapa yake, na fundi aliyezoea kazi hiyo hutafuta kazi nyingine. Methali yasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa tembo hawakupigana. Tembo mmoja alianguka, na walioumia ni wale waliokuwa wakimtegemeza.

Je, ilikuwa lazima? Matukio yaliyofuata yatoa sehemu ya jibu. Mwezi wa Desemba 2009 Bunge lilipitisha sheria ya kuwapa mawakala waliofukuzwa haki ya kwenda mbele ya mwamuzi. Kabla ya waamuzi kuanza kazi hasa, mwezi wa Machi 2010, General Motors ilijitolea kuwarudisha mawakala zaidi ya 600. Mwezi wa Julai 2010 Neil Barofsky, mkaguzi maalumu wa fedha za uokozi, alitoa taarifa kuwa haikuonekana wazi kwamba kasi ile ya kufunga maduka ilihitajiwa, na kuwa Hazina haikupima vya kutosha kazi ambazo zingepotea. Hazina ilikataa shutuma hiyo, ikajibu kuwa bila ya mpango wake kampuni zote mbili zingekufa, na mawakala wote pamoja nazo.

Jibu la Hazina lina uzito, wala mwenye haki hawezi kulitupa. Lakini latetea uokozi. Halitetei siku 26. Kampuni iliyoweza kuwarudisha watu zaidi ya 600 kwa mara moja haikuwa imewachagua kwa lazima isiyo na budi. Yamkini kupungua kwa maduka kulikuwa kunakuja kwa vyovyote; General Motors ilikwisha kukupanga, kwa miaka mitano na si kwa majuma manne. Tofauti kati ya muda mmoja na mwingine ndiyo tofauti kati ya mtu kuuza mali yake kwa bei ya soko na kuitupa.

Mwaka 1921 tajiri mwenye shida alimtwika wakala motokaa asizozitaka. Mwaka 2009 alimwondolea zile alizozitegemea. Kwa sura matendo hayo ni kinyume, lakini kwa maana ni tendo moja: aliyekuwa na nguvu alihamisha hasara yake kwa asiyekuwa nazo. Lililobadilika ni hili, kwamba mara ya kwanza wakala aliweza kuikimbilia serikali, na serikali ikamtungia sheria. Mara ya pili serikali ndiyo iliyokuwa imeshika mfuko wa tajiri. Mwanafunzi wa historia anayetaka kujua mkataba una thamani gani asiutazame siku ulipotiwa sahihi, wakati pande zote mbili zina matumaini. Na autazame siku mmoja wao anaposhindwa kulipa, kisha aulize ni nani aliyekaa karibu na jaji.