Chuki Haikuwemo

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mkalimani Mahakama Kuu ilipokuja Shinyanga kwa vikao. Jaji aliandika kila kitu kwa mkono, kwa Kiingereza. Mimi nilisimama kando ya kizimba, nikiyageuza maneno yake kuwa Kiswahili au Kisukuma, kutegemea nani anasikiliza.

Kesi yangu ya kwanza ya mauaji ilikuwa ya mfugaji wa makamo aliyempiga mwenzake rungu la kichwa kwenye kilabu cha pombe. Jaji alipokuwa akimfafanulia kosa la kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, nikatafsiri: “ulimuua kwa chuki uliyokuwa nayo tangu awali.” Yule bwana akashtuka. “Chuki gani, mwanangu? Huyu tumechunga wote tangu utotoni.” Jaji akaweka kalamu chini. “Mkalimani, umemwambia nini?”

Nilikuwa nimekosea. Sheria inataka dhamira ovu, na dhamira hiyo haihitaji chuki. Kifungu cha 200 kinaitaja kwa sura nne: kukusudia kuua au kudhuru vibaya, kujua kwamba unachofanya huenda kikaua, ukaendelea bila kujali, kukusudia kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu, au kutaka kumsaidia mhalifu akimbie. Jambazi anayemuua mlinzi asiyemjua hata kwa jina anayo. Mtu anayempenda marehemu anaweza kuwa nayo vilevile.

Maneno hayo ya sheria yalifika hapa kwa safari ndefu. Mwaka 1920, baada ya kuichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, Waingereza walituletea Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Kifungu chake cha 302 kilimpa jaji njia mbili kwa muuaji: kifo, au adhabu ya maisha. Mwaka 1930 ikawekwa kando, ikaja hii tuliyonayo. Asili yake ni kanuni aliyoiandika Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, Australia, ikapitishwa mwaka 1899, kisha ikapitia Nigeria kabla ya kufika kwetu. Kenya na Uganda nazo ziliipata mwaka huohuo wa 1930. Katika kanuni hii mpya, ile njia ya pili, adhabu ya maisha, haikuwemo. Anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia lazima ahukumiwe kunyongwa hadi kufa, ila mwanamke mjamzito, na kijana aliyekuwa chini ya miaka 18. Kwangu mimi hapo ndipo jaji alipopokonywa kalamu.

Ukiua bila kukusudia, kwa upande mwingine, jaji anaweza kukufunga maisha, au kukuachia urudi nyumbani siku ileile. Kati ya nyumbani na kitanzi pana maneno mawili tu, dhamira ovu. Ndiyo maana mawakili waling'ang'ania pombe, ugomvi, hasira ya ghafla. Hata hasira ina kipimo chake: mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa angefanyaje? Hapo wazee wa baraza, waliokaa na jaji kusikiliza kesi, walitoa maoni, ingawa jaji hakulazimika kuyafuata. (Kulikuwa pia na kifungu kilichonishangaza: uliyemjeruhi akifa baada ya mwaka mmoja na siku moja, kisheria hukumuua.)

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, akiwa Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni adhabu ya kikatili, lakini ikaiacha isimame. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa adhabu hiyo Desemba 2017. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaiagiza Tanzania mwaka 2019 kuufuta ulazima huo.

Yule mfugaji alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka michache. Nje, mama wa marehemu alinishika mkono akaniuliza kwa Kisukuma: ng'ombe ni wangapi, na wataletwa lini? Zamani ukoo wa muuaji ungelipa. Nilihangaika kumweleza kwamba kesi ilikuwa kati ya yule bwana na Jamhuri, kwamba yeye aliingia kama shahidi tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena: wangapi?