Levittown: Nyumba Zilizouzwa na Mkopo

Machi 1949, huko Long Island karibu na New York, watu walikesha foleni nje ya ofisi ya mauzo ya kampuni ya Levitt and Sons, iliyokuwa ikijenga mtaa wa Levittown. Siku moja tu ya mwezi huo iliandikwa mikataba ipatayo 1,400. Tangu hapo William Levitt, mkuu wa kampuni hiyo, amesifiwa kuwa muuzaji nyumba hodari kuliko wote Marekani. Naona sifa hiyo imewekwa pasipo pake. Nyumba za Levittown ziliuzwa na dhamana ya serikali kabla muuzaji hajafungua mdomo. Madaraka aliyobaki nayo muuzaji yalikuwa kuchagua nani aandikiwe mkataba na nani arudishwe mlangoni.

Hesabu yenyewe inatosha kuonyesha hilo. Nyumba ilikuwa dola 7,990. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi kutoka vitani iliifanya serikali iwe mdhamini wao benki, kwa hiyo askari aliweza kununua bila malipo ya awali, kisha akalipa takriban dola 60 kwa mwezi. Mashambani palipolimwa viazi, kampuni iligawa ujenzi katika hatua 27, kila kikundi cha mafundi kikirudia kazi ileile nyumba hadi nyumba, na kasi ikafika nyumba 30 kwa siku. Makaratasi yalirahisishwa vivyo hivyo: mnunuzi alitazama nyumba ya mfano, akatia saini, zamu ikawa ya mwingine. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyezoea kununua kiwanja kwa fedha taslimu na kuinua ukuta kila apatapo saruji, ataelewa haraka kwamba kilichokuwapo kule na ambacho yeye hukikosa ni mkopo, wala si ulimi wa dalali. Wapo watakaotaja mashine ya kufulia ya Bendix, na televisheni iliyojengewa ndani ya nyumba za mwaka 1950, kama ushahidi wa ufundi wa kushawishi. Lakini hata vitu hivyo viliingizwa katika bei ya nyumba, vikalipwa kwa mkopo uleule.

Askari Weusi walikuwa wamepigana vita hivyohivyo, na sheria ya 1944 haikuwataja kwa ubaya. Hata hivyo mikataba ya mwanzo ya Levittown ilikataza nyumba kukaliwa na mtu asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba masharti ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa mahakamani. Kifungu kikaondolewa, wauzaji wakaendelea kukataa. Watetezi wao husema walikuwa waajiriwa tu, na kwamba FHA, idara ya serikali ya dhamana za mikopo, ndiyo iliyohimiza ubaguzi huo. Hilo la FHA ni kweli, nalo linaizidishia serikali lawama bila kuipunguzia kampuni, maana baada ya 1948 sharti halikuwa tena na nguvu ya mahakama.

Utetezi wa Levitt mwenyewe ulikuwa wa kibiashara: akiuzia familia moja ya Weusi, Wazungu wengi hawatanunua. Lakini mwaka 1954 Morris Milgram alianzisha Concord Park, karibu na Philadelphia, mtaa wa watu wa rangi zote. Alihangaika sana kupata wakopeshaji, na bado nyumba zake zilinunuliwa. Huko New Jersey, Levitt alishindwa kesi ya ubaguzi mwaka 1960, akalazimika kufungua milango, na kampuni ikaendelea kujenga na kuuza.

Sheria iliyopiga marufuku ubaguzi katika uuzaji wa nyumba nchini kote ilikuja mwaka 1968. Nyumba za dola 7,990 zimekuwa za mamia ya maelfu ya dola, na faida hiyo imerithiwa na watoto wa waliokubaliwa. Waliorudishwa mlangoni wanastahili kuandikwa katika historia ya biashara hii pamoja na mikataba 1,400.