Taa ya breki isiyotaka kuzimika

Leo naweka kando mambo ya programu, tuzungumze kuhusu taa moja nyekundu.

Wikendi iliyopita nilikuwa Kasikeu kwa mjomba. Ana Land Cruiser kuukuu ya dizeli. Mgonjwa akizidiwa usiku, ndiyo ambulensi ya majirani. Kwa miezi kadhaa taa ya breki imekuwa ikiwaka. Anaongeza oili ya breki, inazima, wiki ikiisha inarudi. Mwishowe akachoka. "Wewe si mtu wa kompyuta? Nitolee hiyo balbu." Nikamwambia, mjomba, tusikie kwanza inasema nini.

Taa hii ina historia. Zamani magari mengi yalikuwa na mfumo mmoja tu wa oili ya breki. Paipu ikipasuka, umekwisha. Marekani ikaamuru kwamba kuanzia 1968 magari mapya ya abiria yawe na mifumo miwili iliyotenganishwa, pamoja na taa ya onyo. Kwa nini taa? Kwa sababu mfumo mmoja ukifa, wa pili bado unasimamisha gari, na dereva huenda asijue mpaka nao ufe. Sisi wa kompyuta tunaijua hadithi hii: seva mbili, moja imekufa kimya kimya.

Baadhi ya Land Rover Series III (1971 hadi 1985) zilikuwa na kijipistoni katikati ya mifumo miwili. Presha ikishuka upande mmoja, kinasukumwa huko na kugusa swichi. Shida ni kwamba kingeweza kukwama pembeni hata baada ya fundi kurekebisha breki, na taa ikabaki inawaka bure. Nadhani hapo ndipo madereva wengi walipojifunza kuidharau.

Kwenye Land Cruiser kama ya mjomba, balbu moja inasikiliza swichi kadhaa: hendibreki, boya ndani ya chupa ya oili, na kwenye modeli kadhaa za dizeli, mvuto wa hewa wa bosta. Ni "hii AU ile AU ile". Hakuna kompyuta ya kuuliza. Unachomoa swichi moja moja.

Nikachomoa ya hendibreki: bado inawaka. Nikachomoa ya boya: ikazima. Nikafungua chupa, oili iko chini ya alama. Basi taa haikudanganya hata siku moja! Oili ya breki hainywewi kama dizeli. Pedi zikilika inashuka polepole, lakini si kila wiki. Ikishuka hivyo, inavuja.

Tukatoa gurudumu la nyuma kushoto. Ndani ya dramu kumelowa, silinda ya gurudumu inavuja. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na juzi nilishuka nayo Kilungu na mama mjamzito."

Fundi wa Sultan Hamud akabadilisha silinda zote mbili za nyuma na breki shuu zilizolowa, akatoa hewa. Taa imezima, na kiwango cha oili hakijashuka tangu siku hiyo.

Kuongeza oili kulikuwa sawa na kuwasha upya programu kila inapokwama bila kusoma logi. Je, ndugu msomaji, kwenye gari lako kuna taa uliyoizoea?